Kutoka samaki hadi slaidi: jinsi ya kufanya jaribio la chanzo cha saratani ya mirija ya nyongo

Saratani ya mirija ya nyongo haina mlango mmoja wa kuingilia. Ulaya na Marekani huandamana zaidi na ugonjwa wa makovu unaobana mirija yenyewe. Huko Osaka, Japani, iliwapata vijana waliofanya kazi ya uchapaji wakivuta mvuke wa dikloropropani, na mwaka 1994, muda mrefu kabla kisa hicho hakijajulikana, kulikuwa tayari na chanzo kingine kilichothibitishwa: mnyoo bapa wa ini, Opisthorchis viverrini. Mnyoo huyu hupatikana kwa wingi Isan, yaani kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako watu hula samaki mbichi wa maji baridi. Katika mkoa wa Khon Kaen wagonjwa wanaume wamewahi kuzidi 80 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakuna kwingine duniani.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi mwaka huo wa 1994, katika kikao kilekile kilichopitisha kichocho cha mkojo. Kwa hiyo aliyewahi kufanya kazi ya kichocho Mwanza au Kisumu ana nusu ya ujuzi tayari: konokono, Kato-Katz (njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo), dawa ya prazikwanteli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoelezwa hapa, nayo ni jaribio la hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, lenye makundi manne.

Kwanza makundi, ndipo wanyama

Mwaka 1978 Thamavit na wenzake walionyesha jambo ambalo bado ni msingi wa utafiti wote huu. Hamsta aliyeambukizwa mnyoo peke yake hapati saratani. Aliyenyweshwa kiasi kidogo cha kemikali iitwayo nitrosodimethilamini peke yake hapati. Aliyepata vyote viwili anapata. Mnyoo anachubua, anatia uvimbe na kuzifanya seli za mrija zigawanyike bila kupumzika. Kemikali inaharibu DNA ya seli zinazogawanyika. Kwa watu kemikali za jamii hiyo hutoka kwenye vyakula vilivyochachushwa na kuhifadhiwa kwa chumvi, na nyingine hutengenezwa ndani ya mwili wenyewe kutokana na uvimbe wa muda mrefu.

Makundi basi ni manne na hayapungui: wasiopewa kitu, mnyoo tu, kemikali tu, mnyoo na kemikali. Mara kwa mara mtu anayebana bajeti hufuta kundi la kemikali tu kwa hoja kwamba "matokeo yake yanajulikana". Akifika mwisho hawezi kusema kama uvimbe aliouona umeletwa na mnyoo au na kemikali ya kwenye chupa ya maji, na miezi sita imekwenda bure.

Idadi nayo ipigiwe hesabu mapema. Ukiwa na hamsta 5 kwa kila kundi, wakapata saratani 3 kati ya 5 upande mmoja na 0 kati ya 5 upande wa pili, kipimo cha takwimu cha Fisher kinakupa p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ya 0.17. Hiyo haitoshi. Uwiano uleule kwa hamsta 10, yaani 6 kwa 0, unakupa p ya 0.011. Mpango unaofaa ni huu: hamsta 4 kila kundi wa kuchunguzwa mwezi wa 1, 4 mwezi wa 3, na 10 mwezi wa 6. Jumla ni 72. Ongeza 2 kila kundi kwa ajili ya vifo vya njiani, wafike 80. Tumia hamsta wa dhahabu wa Syria, madume wa wiki 4 hadi 6. Usijaribu kuokoa fedha kwa kutumia panya wa maabara. Mnyoo huyu hastawi vizuri ndani yake na ugonjwa haufuati njia ileile. Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kiwe mkononi kabla ya kuagiza mnyama hata mmoja.

Kupata lava kutoka kwa samaki

Mayai ya mnyoo hutoka na choo, huliwa na konokono wa jenasi Bithynia, na lava wanaotoka kwa konokono hupenya ngozi ya samaki wa jamii ya Cyprinidae (kwa Kiingereza carp) na kujifungia ndani ya nyama. Lava aliyejifungia huitwa metaserkaria. Hapa tutasema kifuko. Usianzie kwa konokono. Walioambukizwa mara nyingi hawafiki 1%, na unaweza kukesha na konokono mia tatu usione kitu. Samaki mmoja anaweza kubeba vifuko vingi. Samaki wa jenasi Cyclocheilichthys ndio wanaotegemewa zaidi, na mavuno huwa makubwa kuanzia mwishoni mwa mvua hadi msimu wa baridi.

Hatua zenyewe:

1. Ondoa matumbo na magamba makubwa. Saga nyama kwa muda mfupi, kwa kubonyeza na kuachia. Blenda ikizunguka mfululizo hupasua vifuko, nawe hutajua mpaka mwisho utakapokuta maganda matupu.

2. Tengeneza mchanganyiko wa kumeng'enya: pepsini 0.25% na asidi haidrokloriki 1.5% ndani ya maji ya chumvi ya 0.85%. Mimina mara tatu ya uzito wa nyama.

3. Weka kwenye bafu la maji linalotikisika, 37°C, kwa saa 1. Angalia kila dakika 20. Nyama ikishayeyuka, simamisha. Hapa ndipo wengi hupotezea lava wao: wanaacha saa tatu wakaenda kula, na asidi inaanza kushughulikia vifuko vyenyewe.

4. Pitisha kwenye chekecheo za matundu ya mikromita 1000, kisha 300, kisha 106. Kifuko kina urefu wa mikromita 200 hivi na upana wa 150, kwa hiyo kinapita kwenye 300 na kunaswa kwenye 106. Miiba na magamba yanabaki juu, uchafu laini unapita chini.

5. Suuza kilichonaswa kwenye 106 uingize ndani ya bilauri ndefu yenye umbo la koni, jaza maji ya chumvi, acha dakika 10. Vifuko ni vizito, vitatua. Mwaga juu polepole, jaza tena. Rudia mpaka maji yawe meupe, kwa kawaida mara tano au sita.

6. Mimina kwenye sahani ya petri na uitazame kwa hadubini ya kukuza kidogo.

Zungusha sahani taratibu kwa mkono, na vifuko vitajikusanya katikati. Hii ni mbinu ya mikono tu, lakini inaokoa saa nzima ya kuvitafuta kimoja kimoja kwa pipeti.

Kifuko unachokitaka ni cha umbo la yai, na lava ndani yake anajipindua. Utaona vinyonyeo viwili vya ukubwa unaokaribiana, na kibofu kikubwa cheusi au cha kahawia iliyokolea karibu na mkia. Adui yako hapa ni Haplorchis taichui, mnyoo mdogo wa utumbo anayeishi katika samaki walewale. Kifuko chake ni kidogo zaidi na kibofu chake kina umbo la herufi O. Ukimlisha hamsta huyo badala ya yule, hataingia kwenye ini kabisa, na kundi lako la "mnyoo" litafanana na kundi lisilopewa kitu.

Kabla ya kulisha, pima uhai. Chukua vifuko 20, viweke kwenye tripsini 0.25% kwa 37°C, uhesabu ni lava wangapi wametoka. Wakitoka wachache, tupa fungu lote, usijipe moyo. Vifuko vizuri hukaa siku chache kwenye maji ya chumvi ndani ya jokofu la 4°C, lakini vya leo ni bora kuliko vya juzi.

Na neno la usalama, kwa kuwa watu huzoea: kilichomo kwenye sahani hiyo ni kile kinachomwambukiza mlaji wa koi pla, ile nyama mbichi ya samaki iliyokatwakatwa na kuchanganywa na ndimu na pilipili. Glavu, miwani, hakuna kunyonya pipeti kwa mdomo. Mabaki yachemshwe kabla ya kumwagwa.

Kuambukiza na kunywesha

Hesabu vifuko 50 kwa kila hamsta, kwa hadubini, mmoja mmoja. Viweke kwenye nusu mililita ya maji ya chumvi na uvipitishe tumboni kwa mpira wa kulishia. Ukimaliza, suuza mpira huo kwenye sahani safi na uhesabu vilivyobaki. Vifuko hung'ang'ania plastiki. Kuna siku utakuta 12 vimebaki, maana yake hamsta yule alipata 38. Vilivyobaki mrudishie, na uandike. Makundi yasiyoambukizwa nayo yapitishiwe mpira na maji ya chumvi matupu, maana usumbufu wenyewe ni sehemu ya jaribio.

Siku hiyohiyo anza nitrosodimethilamini kwenye maji ya kunywa: miligramu 12.5 kwa lita, kwa wiki 8, kisha rudisha maji ya kawaida. Kemikali hii ni kisababishi cha saratani kwako wewe pia na huumiza ini vibaya. Ichanganywe ndani ya kabati la hewa inayofyonzwa, kwa glavu mbili, na matandiko ya hamsta yahesabiwe kuwa taka hatari. Mwanga huivunja, kwa hiyo chupa ziwe za kahawia au zifungwe karatasi ya alumini, na maji yabadilishwe mara mbili kwa wiki.

Pima chupa kwa mizani wakati wa kuweka na wakati wa kutoa. Sababu ni hii: hamsta mwenye minyoo huumwa wiki za mwanzo na anaweza kunywa pungufu kuliko mwenzake asiye na minyoo. Usipojua amekunywa kiasi gani, makundi mawili uliyodhani yamepata kemikali sawa hayakupata sawa. Chupa inayovuja huleta kosa la upande wa pili, ikionyesha hamsta mmoja amekunywa kama ng'ombe. Uzito wa mwili upimwe kila wiki. Aliyepungua 20% atolewe kwenye jaribio kwa utaratibu wa kibali.

Je, wameambukizwa kweli?

Minyoo huanza kutaga karibu wiki ya 4. Kato-Katz inayotumika kwa kichocho inafaa, kwa kibao kilekile cha miligramu 41.7 na kuzidisha mara 24, ila choo cha hamsta ni vidonge vikavu vyenye nyuzi nyingi na yai la Opisthorchis ni dogo mno, mikromita 27 kwa 15. Njia ya fomalini na asetati ya ethili ni safi zaidi. Loweka gramu 1 ya choo kwenye mililita 10 za fomalini 10%, ponda, chuja kwa shashi tabaka mbili, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 500 g dakika 5. Mwaga juu, rudishia fomalini mililita 7, ongeza mililita 3 za asetati ya ethili, ziba, tikisa kwa nguvu dakika 1, zungusha tena dakika 5.

Utapata tabaka nne: asetati juu, kizibo cha uchafu, fomalini, na chini kabisa mashapo yenye mayai. Pitisha kijiti kuzunguka kizibo ukiachanishe na ukuta wa mrija, kisha mwaga tabaka tatu za juu kwa mkupuo mmoja. Ukimwaga kwa kusitasita kizibo hurudi chini na mashapo yako yanachafuka. Hesabu mayai kwenye matone mawili, chukua wastani, zidisha kwa idadi ya matone yote ya mashapo, gawanya kwa gramu za choo. Wastani wa mayai 6 kwa tone, matone 40, gramu 1: mayai 240 kwa gramu. Yai sahihi lina kifuniko chenye mabega yanayochomoza na kinundu kidogo upande wa pili, kama chupa iliyofungwa kifuniko kipana kuliko shingo yake.

Hamsta "aliyeambukizwa" asiye na mayai wiki ya 6 usimfute kimyakimya. Muandike, ukate ini lake uhesabu minyoo, na amua kwa kanuni uliyoiandika kabla ya jaribio kama anahesabiwa au la.

Kutoa ini

Minyoo hukaa kwenye mirija mikubwa, karibu na mahali mirija inapoingilia ini. Ukikata vipande pembezoni mwa ini kwa sababu ni rahisi kushika, utakosa ugonjwa wote. Pima ini, lipige picha juu na chini ukiwa na rula pembeni, kisha kata ukifuata mrija mkuu, vipande vya unene usiozidi milimita 5. Kipande kidogo kiende kwenye nitrojeni ya maji mara moja, vingine kwenye fomalini 10% iliyosawazishwa, ujazo mara 10 hadi 20 wa nyama, saa 24 hadi 48. Zaidi ya hapo protini hujifunga na rangi za kingamwili hukataa kushika.

Wapo wanaokamua ini lote kutafuta minyoo halafu wanashangaa slaidi zimechanika. Chagua mapema hamsta wa kukamuliwa na hamsta wa slaidi.

Kusoma slaidi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kila kilichotangulia ni maandalizi. Kata mikromita 4, paka hematoksilini na eosini. Slaidi za pili zipakwe rangi nyekundu ya Sirius kwa ajili ya kovu, na za tatu kingamwili za CK19 kwa ajili ya seli za mirija na Ki-67 kwa ajili ya seli zinazogawanyika.

Mwezi wa 1 utaona uvimbe uliojaa seli nyeupe, zikiwemo nyingi za eosinofili, na mrija umetanuka mnyoo akiwa ndani. Utando wake, ambao kawaida ni safu moja ya seli fupi za mraba, umerefuka na kujikunja. Mwezi wa 3 kovu limeuzunguka mrija kama mkufu, na kati ya seli za utando zimechomoza seli zilizojaa ute, mfano wa zile za utumbo. Katika kundi la mnyoo na kemikali utando unaanza kuvuruga mpangilio: viini vinapanda juu ya vingine, vinakuwa vikubwa na vyeusi, lakini bado viko ndani ya mpaka wao. Mwezi wa 6 mpaka umevunjwa. Vitezi vidogo visivyo na umbo vimeingia ndani ya kovu, vingine vinazunguka mishipa ya fahamu.

Tatizo kubwa ni kidonda kinachoitwa kolanjiofibrosisi: kundi la vitezi vyenye ute, vimefungwa ndani ya kovu zito. Kwa haraka kinaonekana ni saratani, na ukikihesabu hivyo takwimu zako zitapendeza mno. Tazama kingo. Kidonda hiki hubaki kimejikusanya na viini vyake vimepangika chini ya seli. Saratani hupenya ovyo na viini vyake havilingani. Andika vigezo kabla hujafungua slaidi ya kwanza, funika namba za makundi, na wasomaji wawili wasome kila mmoja peke yake. Wakipishana, wakae pamoja kwenye hadubini ya vichwa viwili huku namba bado zimefunikwa. Wakifunua kwanza, maafikiano hayo hayana thamani.

Ukitaka kujua ni kipi hasa cha mnyoo kinachosukuma seli, njia imekwisha kufunguliwa. Mnyoo hutoa protini iitwayo granulini inayochochea seli za mrija kuongezeka, na mwaka 2019 watafiti waliiharibu jeni yake ndani ya mnyoo kwa CRISPR, mbinu ya kukata jeni, ugonjwa ukapungua kwa hamsta. Jaribio la namna hiyo linahitaji kundi la tano: minyoo waliopitishwa kwenye mashine ileile ya umeme inayotumika kuingiza CRISPR, bila jeni yoyote kuguswa.

Ukifika kwenye jeni

Wengi hukimbilia hapa, si lazima. Hamsta anapata saratani kwa miezi sita kwa sababu amepewa kemikali nyingi, ilhali kwa mtu hupita miongo. Orodha ya mabadiliko ya jeni ya hamsta haisimami badala ya ya mtu, kwa hiyo ukiyafuatilia tumia sampuli za wagonjwa. Kwao, saratani ya mnyoo hugusa zaidi jeni za TP53 na SMAD4, na ile isiyo ya mnyoo hugusa zaidi IDH1, IDH2 na BAP1.

Saratani hii imejaa kovu. Kama seli za saratani ni 20% tu ya kipande, badiliko lililo kwenye nakala moja ya jeni litaonekana kwenye 10% ya usomaji. Ukisoma kwa kina cha mara 30, hayo ni masomo 3, na kompyuta itayatupa ikidhani ni kelele. Kwangua sehemu yenye seli nyingi kwenye slaidi kwa wembe chini ya hadubini, na usome kwa kina cha mara 100 au zaidi.

Sampuli ya kulinganisha iwe damu. Nyama ya ini iliyo jirani na uvimbe, hata ikionekana nzima, imeishi na mnyoo miaka mingi na huenda ina mabadiliko yaleyale. Ukilinganisha nayo, utayafuta mwenyewe.

Mwisho, angalia herufi C zilizogeuka kuwa T. Saratani za mnyoo zina mageuzi hayo kwa wingi, hasa pale C inapofuatwa na G na imebeba alama ya methili. Lakini fomalini nayo huigeuza C ya kawaida kuwa urasili, ambayo husomwa kama T. Kimeng'enya cha kusafisha urasili huondoa makosa ya fomalini kwenye C ya kawaida, ila hakigusi ile yenye methili, kwa sababu hiyo hugeuka moja kwa moja kuwa T halisi. Kwa swali hilo tumia kile kipande cha nitrojeni, si kile cha fomalini.